Mama Funga Mlango Akabidhi Funguo za Ghala la Viazi

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi, msimamizi wa ghala letu la viazi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake kamili limo kwenye faili ofisini, na nadhani karani ndiye mtu pekee anayelikumbuka. Sisi wengine, kuanzia mwenyekiti wa ushirika hadi madereva wa malori, tunamwita Mama Funga Mlango, na mwenyewe huitika.

Niseme mapema kwamba nimekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo msitarajie maneno ya kupimwa kwa mizani. Nina furaha, nina huzuni, na tangu asubuhi nacheka peke yangu ofisini hadi karani ananitazama kwa wasiwasi. Sababu ya kicheko mtaipata mwishoni.

Mama aliajiriwa kwanza shambani, kuinulia viazi udongo kwenye matuta ili visichungulie jua. Kutoka hapo akahamia meza ya kuchambulia, ambako alisifika kwa kuona kiazi kilichokatwa na jembe kabla hakijamfikia. Alipopewa ghala, wenzake walimpa pole badala ya hongera, maana lilikuwa aibu tupu. Magunia yalilala moja kwa moja sakafuni, mlango ulikuwa wazi kutwa, na nusu ya viazi ilikuwa kijani huku nusu nyingine ikioza.

Hakuunda kamati. Alimleta mumewe, fundi seremala ambaye wote tunamwita shemeji, akatengeneza vichanja vya mbao ili magunia yapate hewa chini. Yakatobolewa matundu chini ya ukuta na mengine juu, hewa ya baridi iingie na ya joto itoke. Kisha akapiga marufuku kuosha viazi kabla ya kuviingiza, na akaanzisha kipimo chake cha kidole gumba: kiazi ambacho ngozi inachubuka ukikisugua hakipiti, kirudi kikakomae. Mzigo wa kwanza kukataliwa ulikuwa wa mwenyekiti mwenyewe. Mzee aligeuza lori kwa hasira, akarudi baada ya wiki mbili na viazi vyenye ngozi ngumu, na leo hii kisa hicho anakisimulia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Jina lake la utani mnajua lilikotoka. Mwanga hugeuza viazi vya kula kuwa kijani na vichungu, na Mama hana simile na mwanga. Ukiingia tu, kabla macho hayajazoea giza, sauti inakufikia kutoka safu ya mwisho: "Funga mlango!" Mkaguzi mmoja aliyekuja na suti na faili alisimama mlangoni akianza hotuba, akapigwa na sauti hiyo hiyo. Aliufunga mara moja, naye akiwa nje.

Mimi nililishika somo hilo kupita kiasi. Mwaka wangu wa kwanza, Mama alipokwenda likizo ya wiki tatu, niliangalia banda la mbegu na kuona viazi vimepangwa kwenye rafu, mwanga unavimulika, vimekuwa kijani kabisa. Nikashtuka! Nikafikiri watu wameacha vitu viharibike, nikafunika banda zima kwa turubai, nikajipongeza. Sikujua kwamba mbegu hutaka mwanga ili machipukizi yatoke mafupi na yenye nguvu. Mama aliporudi na kuvuta turubai, machipukizi yalikuwa marefu, meupe na malegevu kama tambi zilizopikwa.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alivuta kigoda, akakaa, akanionyesha jinsi ya kuvunja chipukizi bila kuumiza kiazi. Tulivunja siku nne, kiazi kimoja kimoja, tukavirudisha mwangani vichipue upya, na msimu ule tukachelewa kupanda. Kwenye kikao cha ushirika alisimama akasema kosa ni lake, kwa sababu alinifundisha giza asinifundishe mwanga. Sijawahi kulisahau jambo hilo, na sidhani kama nimewahi kumshukuru vya kutosha.

Lakini sifa yake kubwa ni pua. Kila Jumatatu alikuwa akificha kiazi kimoja kilichooza mahali fulani ghalani, na sisi tulitakiwa kukitafuta kwa kunusa tu, bila kugusa gunia. Masharti yalikuwa yale yale: ingia, funga mlango, funga mdomo, fumba macho, hesabu hadi ishirini. Wapakiaji walikuwa wakibahatisha. Mimi, kwa miaka kumi na mmoja, sikupatia hata mara moja. Niliwahi kuonyesha kwa kujiamini kabisa viatu vya dereva.

Kwa hiyo barua ya kustaafu ilipofika, Mama aligoma kusaini fomu ya makabidhiano. Meneja alimbembeleza, mwenyekiti akambembeleza, wapi. Alisema ghalani mna magunia mia tisa, mavuno ya msimu mzima ya familia zaidi ya mia mbili, na kiazi kimoja kilichooza kikisahaulika kinaanza na jirani yake. Hawezi kuyaacha mikononi mwa watu wasio na pua. Hakuwa akiringa. Alikuwa na hofu, nami nilikuwa na hofu kumzidi, maana mtu wa kukabidhiwa nilikuwa mimi.

Wiki tatu zilizopita akashikwa na mafua, akabaki nyumbani. Jumatatu niliingia ghalani peke yangu, nikafunga mlango, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na nne, kwenye safu ya saba karibu na ukuta, nikaipata! Harufu tamutamu kwanza, kisha kama kitambaa kibichi kilichosahaulika ndooni. Nilirukaruka mle gizani. Nikampigia simu palepale kujitapa kwamba leo nimekigundua kiazi chake.

Kwa sauti iliyozibwa na mafua, akanijibu: "Mwanangu, mimi niko kitandani tangu Jumamosi. Sijaficha kitu. Toeni safu nzima."

Tuliitoa. Bati lilikuwa limepasuka kwa juu, tone moja moja la maji likidondokea pembeni mwa ukuta. Magunia matatu ya chini yalikuwa uji, la nne lilikuwa limeanza kulowa. Yaliyobaki yote yalikuwa makavu, mazima, yanang'aa! Tungechelewa wiki mbili, leo msingekuwa mnasoma habari za furaha.

Saa sita mchana Mama akatokea, kajitanda khanga mbili, leso mkononi, shemeji nyuma yake. Aliinama kwenye lile pengo la safu ya saba, akavuta pumzi kwa nguvu zote, hakunusa chochote. Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akaomba kalamu, akaisaini fomu juu ya gunia, akanikabidhi funguo. Tulilia sote wawili bila aibu. Shemeji alijifanya anakagua vichanja.

Sasa kuhusu kicheko changu. Leo asubuhi nimefungua ofisi, na kabla sijaweka mkoba chini pua ikakamata kitu. Nikafunga mlango, nikafumba macho. Sikufika hata tisa. Kwenye droo ya pili, ninapoweka funguo, kulikuwa na kiazi kilichooza vizuri sana, kimefungwa kwenye ukurasa wa toleo la mwezi uliopita la jarida hili hili. Pembeni ameandika kwa penseli: "Hiki ni cha mwisho kutoka kwangu. Jumatatu ijayo unaficha wewe."

Mama, asante kwa magunia yote yaliyofika sokoni salama, kwa kigoda kile cha siku nne, na kwa kunivumilia miaka kumi na mmoja ya kunusa viatu. Kapumzike na shemeji, kaa juani kadiri upendavyo, maana giza umelitumikia vya kutosha. Tunakuombea afya, maisha marefu yenye raha, na pua isiyozibwa na mafua tena.

Kiazi cha Jumatatu nimeshakichagua. Na mlango, Mama, nimeufunga.