Samson Nyakundi na Tao la Montvernal

Kaka yangu Samson Nyakundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Tabaka, Kisii, wa pili kati ya watoto watano. Mimi, Sesilia, ndiye kitinda mimba.

Alisoma Shule ya Msingi Tabaka, kisha akajifunza uashi Kisumu. Mwaka 1990 alimwoa Lydia, muuguzi, na mwaka 1994 wakahamia Woolwich. Hapa London alijenga maghorofa hadi alipostaafu.

Mwaka 2016, basi la hija la parokia liliharibika Montvernal, kijiji cha Ufaransa chenye nyumba ya watawa ya karne ya kumi na mbili, nusu imeanguka. Wenzake walitafuta kahawa. Yeye alikwenda kupapasa kuta. Tangu hapo likizo zake zote ziliishia huko. Lydia alisema afadhali mke mwenza kuliko magofu.

Kiangazi cha kwanza alikosea. Aliziba nyufa kwa saruji, kama tulivyozoea nyumbani, na baridi ilipofika unyevu ulionaswa ndani ukabandua mawe. Aliitoa yote kwa patasi, wiki tatu, kisha Philippe, mwenyekiti wa wahifadhi wa jengo hilo, akamfundisha kuchanganya chokaa. Kosa hilo alilisimulia katika kila arusi.

Mwaka 2023 baraza la kijiji liliamuru tao la kanisa la nyumba hiyo ya watawa libomolewe kabla halijaua mtu. Kaka aliomba kiangazi kimoja, akalijenga upya jiwe kwa jiwe. Siku ya kuondoa mbao zilizolishikilia, alisimama chini yake, kama wafanyavyo mafundi wa huko.

“Dad, toka hapo, please!” mwanawe Ryan alilia.

“Wewe gonga nyundo.”

Mbao zikatoka. Aliyetetemeka ni Ryan peke yake. Baraza likasema litaamua baada ya baridi mbili.

Mei 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Lydia alimuuguza nyumbani. Tarehe 3 Novemba Philippe alipiga simu: amri ya kubomoa imefutwa! Kaka alifumba macho, akauliza, “Mmefunika mawe ya juu? Baridi inakuja.” Philippe alikiri bado.

Alifariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi. Tunamlilia, na tunajivunia sana kuwa wake.

Ameacha mjane Lydia, watoto Ryan na Shiro, wajukuu wawili, na sisi ndugu zake watatu tulio hai. Ryan anasafiri Jumatatu kwenda kuyafunika mawe.

Lala salama, kaka. Kazi imepata mwenyewe.