Mama Rachida na Diski Iliyokataliwa na Wingu

Na Faustin Bwalya, Idara ya Vipindi

Tarehe 31 Machi mwaka huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Rachida Zakari anarudisha ufunguo wa chumba cha kumbukumbu cha redio yetu hapa mtaani Hewa Bora, Lubumbashi. Jarida hili huwaaga wastaafu kwa maneno matamu, na maneno hayo msomaji atayakuta humu, maana Mama anayastahili. Lakini safari hii yamechanganyika na hasira. Tumejaribu kuvitenganisha viwili hivyo, imeshindikana.

Mama Rachida ni mzaliwa wa Lubumbashi, binti wa fundi cherehani ambaye ukoo wake ulitoka Maniema. Aliajiriwa kupiga taipu matangazo ya vifo, wakati redio nzima ilikuwa chumba kimoja na mtambo mmoja. Hakukaa sana akagundua kwamba kanda za mahojiano ya wazee zilikuwa zikirekodiwa muziki juu yake, kwa sababu kanda mpya hazikupatikana. Siku ile ile alizikusanya zote, akazitia ndani ya sanduku la vitambaa la baba yake, akalikalia. Mkurugenzi wa wakati huo alikuja kumwuliza ni nani aliyempa ruhusa. Akamjibu: “Hakuna muntu alinipa. Na hakuna muntu alinikatalia.” Idara ya kumbukumbu ilizaliwa hivyo, juu ya sanduku.

Kwa vijana walioajiriwa juzi, ni vizuri kueleza kwa nini sauti hizo zina uzito. Wazee waliorekodiwa ni watu wa migodi na wa reli, wachuuzi, mafundi, na wake zao walioona yote na kuulizwa machache. Mmoja wao akifariki, familia huja kwa Mama Rachida kabla ya kuondoa matanga, na kuomba sauti yake. Siku ya mwisho, watu wakiwa wamekusanyika na chakula kikingoja, sauti inawekwa. Marehemu anasikika akieleza alivyofika mjini, alivyochumbia, alivyogombana na msimamizi wake. Watu wanacheka, wanalia, kisha wanakula. Wakristo hufanya hivyo, na Waislamu pia. Hatukumbuki ni nani aliyeianza desturi hii, ila tunajua ni nani aliyeiwezesha.

Tusimpambe kwa sifa ambazo si zake. Mama Rachida hakuwa mpole. Alifukuza watu waliomkaribia na chai. Aliwahi kumzuia mtangazaji mashuhuri mlangoni hadi anawe mikono, kwa kuwa alikuwa amekula mihogo ya kukaanga. Na kuna mgombea mmoja wa uchaguzi, hatutamtaja, aliyekuja kuomba tufute ahadi yake ya zamani ya kuchimba kisima Kasungami. Mama alimpa kiti, akamwekea ahadi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, halafu akamwuliza kwa adabu: “Hapa hatufutaki bantu, Mubwana. Unapenda nakala?” Yule bwana aliondoka bila nakala. Kisima hakijachimbwa.

Kanda zilipoanza kuoza, alijifunza kuzihamishia kwenye kompyuta, kanda moja baada ya nyingine. Hapo ndipo diski ilipoingia katika maisha yetu. Tueleze taratibu. Kila kompyuta ina ghala lake la ndani, na ghala la kompyuta zetu, ambazo nyingi tulipewa na wafadhili zikiwa zimekwisha kutumika, ni dogo kama kabati la jikoni. Sauti za miaka yote hiyo haziwezi kuingia humo. Kwa hiyo Mama aliziweka kwenye diski ya nje, kisanduku chenye waya, ambacho huchomekwa kwenye kompyuta yoyote iliyo na kazi. Alikishonea mfuko wa kitenge. Umeme ukikatika, diski ilitoka katika chumba kile na kuhamia chumba chenye jenereta. Mfadhili mmoja aliomba aoneshwe jengo la kumbukumbu. Mama alinyanyua mkoba wake.

Lakini kisanduku kimoja kinaweza kuanguka, kuibwa au kuungua. Kwa hiyo tulijiunga na lile liitwalo wingu. Wingu hilo halina mvua, ni kompyuta za kampuni fulani ya mbali, ambako unalipia nafasi ya kuweka nakala. Kuna programu inayolitazama folda lako. Kinachoingia humo inakipeleka juu, na kilicho juu inakishusha kwako. Ukifuta hapa, kule nako kunafutika. Kwa miaka mingi folda letu lilikaa kwenye diski ya nje, programu ikalitazama huko huko bila kulalamika. Hata Mama alipokuwa safarini Likasi au Kambove alirekodi, akatuma kutoka huko, na diski hapa ofisini ikapokea.

Mwaka jana kampuni hiyo iliamua kwamba folda lililo kwenye diski ya nje halitahudumiwa tena. Folda sharti liishi tumboni mwa kompyuta. Tangazo lilikuwa barua pepe moja ya Kiingereza, ndefu, yenye furaha nyingi, na habari yenyewe ilikuwa imefichwa katikati yake kama mfupa ndani ya ugali. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya kuboresha huduma. Huduma ya nani? Aliyeandika sentensi ile alikuwa na kompyuta yenye tumbo kubwa, umeme usiokatika na mtandao usioisha. Hakujiuliza hata kidogo kama duniani kuna mtu ambaye diski ya nje ndiyo nyumba yake. Alipewa fedha zetu kila mwaka, akatufungia mlango, akatutakia siku njema.

Hasira yetu, hata hivyo, haiwezi kuvuka bahari yote bila kupita ofisini kwetu kwanza.

Kuanzia Novemba programu iliacha kuitambua diski, kimya kimya. Desemba, Mama Rachida alikwenda Kambove kumrekodi Mzee Chola, aliyefanya kazi mgodini tangu ujana wake na ambaye kifua kilikuwa kimekwisha kumchoka. Alituma sauti kutoka huko kama kawaida, akaona alama kwamba imefika juu, akasafisha kinasa sauti ili amrekodi mzee mwingine. Ndiyo njia aliyoitumia miaka yote. Sauti ilifika winguni, lakini haikushuka kwenye diski, na hakuna aliyejua.

Januari, kaka yetu Jamali, fundi wa kompyuta, aliona programu inauliza kama ihamishie folda ndani ya kompyuta. Akakubali. Yeyote angekubali, maana kitufe cha kukataa hakikuwepo. Kompyuta yenyewe ndiyo ile inayorusha matangazo. Programu ikaanza kushusha sauti zote za miaka yote ndani ya kabati la jikoni. Ilimaliza mega zetu za mwezi, yaani mtandao tulioulipia, ikajaza ghala hadi mlangoni, na katikati ya matangazo ya vifo redio ikanyamaza. Familia moja ya jirani ilikuwa inangoja kusikia marehemu wao atazikwa wapi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Elisée, ambaye atasoma makala haya kabla hayajachapishwa, alikuja mbio. “Jamali, futa ile kintu!”

“Patron, tungojee kwanza Mama Rachida...”

“Futa! Redio iko kimya, we unaongea!”

Jamali akafuta folda. Redio ikarudi hewani, watu wakapiga makofi. Na programu, mtumishi mtiifu, ikangoja mtandao urudi kidogo, ikapanda juu na kufuta kule pia.

Sauti za zamani zilikuwa salama kwenye diski, ndani ya kitenge. Zile za tangu Novemba hazikuwa na nyumba nyingine. Bado kulikuwa na tumaini, maana kampuni huweka vilivyofutwa katika pipa la taka kwa wiki chache kabla ya kuviangamiza. Mama Rachida aliomba mega za kutosha kuvitoa. Aliomba siku hiyo hiyo. Mkurugenzi akamjibu avumilie hadi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi akaambiwa avumilie kidogo. Wakati huo Mzee Chola alifariki. Mega ziliponunuliwa, pipa lilikuwa tupu. Tuliiandikia kampuni. Mashine ilitujibu, ikatushukuru kwa kuwa wateja waaminifu.

Mjane wa Mzee Chola, Mama Julienne, alifika kutoka Kambove mwezi wa Februari, na kijiti cha kuhifadhia faili, ambacho hapa huitwa kle, kimefungwa katika ncha ya kitambaa chake. Tuliokuwa kwenye korido tulisikia yote.

“Mama Rachida, nakuya na kle. Unitiliemo sauti ya muzee. Matanga iko inakaribia.”

“Ikala kwanza pa kiti, Mama.”

“Sitaki kuikala, gari ya Likasi itaniacha.”

“Sauti haiko.”

“Haiko namna gani? Ulimurekodi mbele ya macho yangu! Nilikupa na kiti!”

“Nilimurekodi. Kisha tulifuta.”

“Mulifuta bwana yangu?”

Mama Rachida hakumweleza habari za wingu. Alimwambia kwamba anakumbuka yote aliyoyasema Mzee Chola na yuko tayari kuja kuyasimulia mwenyewe siku ya matanga.

“Maneno yake nayajua,” alisema Mama Julienne. “Alinisemeaka miaka yote, hata wakati sikutaka. Nilitaka ile namna alikuwa anakohoa mbele ya kujibu. Sasa ile, we utakohoa?”

Kutoka hapo Mama Rachida alikwenda moja kwa moja katika ofisi ya Mkurugenzi, na mlango haukufungwa.

“Mama, tuelewane,” alisema Bwana Elisée. “Ni kampuni njo ilibadilisha. Si siye.”

“Kampuni haikuwa hapa wakati ulisema futa. Kampuni haikunikatalia mega. Ile ya kampuni, iko ya kampuni. Ile ya kwetu, tuibebe.”

Alitaka redio iseme ukweli hewani. Akakataliwa, kwa sababu ya heshima ya nyumba. Siku iliyofuata, zamu yake ya kusoma matangazo ya vifo ilipofika, alisoma yote kwa sauti yake ya kila siku, kisha akaongeza: “Tangazo la mwisho. Redio yenu ilipoteza sauti ya Mzee Chola wa Kambove. Si mwizi, si moto. Ni siye. Mwenye iko na sauti yake mu telefone, hata kidogo, alete. Bibi yake anangojea.”

Mkurugenzi alikuwa nyuma ya kioo akipunga mikono mtambo uzimwe. Jamali, aliyekaa kwenye mtambo, alikuwa amegundua waya fulani chini ya meza uliohitaji kutazamwa kwa muda mrefu sana.

Walikuja watu, wengi kutoa pole tu. Kisha akaja Baba Mwila, jirani wa zamani wa Mzee Chola, aliyehamia hapa Hewa Bora mwaka uliopita. Alikaa mlangoni akiigeuzageuza simu yake.

“Niko nayo moja. Lakini, Mama, haiko muzuri.”

“Haisikiki?”

“Inasikika sana. Njo tatizo.” Akajikuna. “Bantu yote batasikia?”

“Bote.”

Akafunga macho, akabonyeza. Kwanza kikohozi kirefu, kilichopanda ngazi kwa ngazi kama mtu anayerudi kutoka shimoni. Kisha: “We Mwila! Ulihama na ngazi yangu! Mvua inaningilia mu nyumba, miye napanda ku tole ya mabati na kiti, pa miaka yangu! Ngazi yangu inalala kwako fasi ya kukauka, miye nalowa! Rudisha kintu ya bantu!” Halafu kikohozi tena, na ndani yake kicheko kidogo.

Jamali aliinakili mara moja: kwenye kijiti cha Mama Julienne, kwenye diski, na kwenye simu yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia.

Mama Rachida aliibeba mwenyewe hadi Kambove. Waliohudhuria matanga wanasema sauti ile iliwekwa mara tatu, kwa sababu kila mara kicheko kiliwafunika watu kabla haijaisha. Mara ya tatu Mama Julienne hakucheka. Alifumba macho akasikiliza kikohozi tu. Baba Mwila naye alikuwa amefika, amesimama ukutani na ngazi yenyewe, aliyoisafirisha juu ya gari la abiria kutoka Lubumbashi, na watoto wa ukoo wakampokea nayo kwa vigelegele kama anayeleta mahari.

Sauti za wazee wengine wa miezi ile hazijapatikana. Wengine bado wako hai, na mtu anapaswa kurudi kwao, kuwaomba radhi na kuanza upya. Diski ya pili bado haijanunuliwa. Bwana Mkurugenzi ametuahidi kwa mdomo, na ahadi yake Mama Rachida ameirekodi.

Mama, tunakushukuru kwa sanduku ulilolikalia, kwa milango uliyoigonga na ile uliyoifunga, na kwa kukataa kutusaidia kuficha aibu yetu. Nenda Kasungami kwa bintiyo Najma, ulime mahindi yako, ulale mchana, uwakaripie wajukuu badala yetu. Mungu akupe afya na siku zenye utulivu. Ile hasira tuachie sisi, bado tuna kazi nayo.