Aliyetangulia Kuwapenda

Kwenye basi la asubuhi la kwenda Mtumba nilikaa nyuma ya binti mwenye kitambulisho cha wizara shingoni na picha ya vijana watano wa Kikorea kwenye kava la simu. Mama wa makamo alipoketi kando yake, binti alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa vizuri tu.

Shida ilianza mama alipoiona ile picha. "Kumbe na wewe unawasikiliza! Albamu mpya nzuri, ila ule wimbo wa nne ni mtamu zaidi walivyouimba Kijapani. Kwa Kikorea wameukimbiza."

Binti aligeuka kama aliyekuta mgeni jikoni kwake anaonja mboga. "Umeanza lini kuwasikiliza?"

"Pasaka hii. Mwanangu aliniwekea kwenye simu."

"Mimi tangu kidato cha pili, mama. Shuleni Mvumi, bwenini, chini ya shuka, Dodoma nzima hakuna anayewajua. Leo kila mtu ana maoni!"

Dodoma nzima aliihesabu lini, sijui.

"Kwani nikiwapenda mimi, kwako wanapungua?"

Binti aliifunika picha kwa kiganja. Nadhani walikuwa wanapungua kweli. "Kwenye muziki huu mimi ndiye mkubwa," akasema. "Hapa ungeniamkia wewe."

Basi likasimama kituoni. Mama akainuka, akatundika mkoba begani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Konda akagonga bodi. Mama hakushuka. Alikuwa anasubiri kuitikiwa.