Maji mu maziwa ya Védaste

Banc yangu, kiti ndefu ya mbao, iko Kashebere, pembeni ya barabara ya Masisi, pale moto, zile pikipiki za kubeba watu, zinasimama. Mimi Dorothée njo mwenye kupika kahawa. Wenye kuikalia ni walewale: Radjabu, tunamuita Filozofu sababu alisoma dini kule Kasongo, Zéphyrin muwindaji, tunamuita Directeur na hajaongoza hata mbuzi, na Védaste, mwenye anashuka kila asubuhi na maziwa ya ng'ombe zake. Ile maziwa njo ninatia mu kahawa. Tangu kiangazi, ikichemka haifanye tena ngozi ya mafuta juu. Niliona, nikanyamaza.

Ile asubuhi Filozofu alianza na mambo ya roho.

— Nafsi iko na ngazi tatu. Ya kwanza inakutuma mabaya. Ya pili inajilaumu. Ya tatu imetulia.

— Mimi niko ya tatu, Directeur akajibu.

— Wewe? Jana ulitukana pneu ya moto sababu ilipasuka.

— Pneu haiko muntu. Kwetu mu pori unapita mu moshi mara moja, roho inatoka safi.

— Moshi ya nje haifike ndani. Unaondoa kwanza mabaya, kisha unatia mazuri.

Védaste, mwenye hasemaka mingi, akaitika:

— Ni kama kibuyu. Unaosha, unafukiza na majani, njo unatia maziwa. Ukiruka moja, yote inaharibika.

— Basi tufukize Kashebere yote, Directeur akasema. Kila mutu apewe attestation na cachet, karatasi na muhuri: roho propre, safi.

Tulikuwa tunacheka wakati mama mumoja alishuka pa moto, vumbi mpaka mu nyusi, bidon kidogo mu mukono. Alisema anaitwa Bibiche, na mama yake ametoka hospitali, hawezi kumeza kitu kingine, maziwa tu. Akamuuliza Védaste:

— Papa, ile maziwa iko yenyewe ao iko na maji?

Filozofu akaangalia kikombe. Directeur akakohoa. Mimi nikapanguza meza yenye ilikuwa safi. Védaste anaishi na ile maziwa, na jina yake inajulikana mpaka Masisi. Neno moja, na jina imekwisha.

— Iko na maji, mama, akasema. Tangu mwezi wa sita. Waliniiba ng'ombe mbili, nikaogopa kupoteza wateja. Hakuna mwenye alinituma.

— Ngazi ya pili, Filozofu akaanza.

— Nyamaza, nikamuambia.

Védaste hakuimwaga ile ya maji, kwao wenye ng'ombe maziwa haimwagwe. Aliniachia, akasema niambie kila mutu vile iko. Kisha akamugeukia Bibiche:

— Ikala, mama. Ninarudi na ya kweli.

Akapanda mulima mbio, papa wa miaka hamsini na tano, koti inaruka nyuma.

Saa sita akashuka na kibuyu yenye kunuka moshi. Banc yote ikasimama, Directeur akavua kofia. Bibiche akaonja kidogo, akajaza bidon.

— Kesho pia nitakuja kwako, Papa.

Nilichemsha yenye ilibakia. Ngozi ikakuja juu, nzito, na furaha ikanishika mpaka nikasema kwa sauti, moto zote zisikie:

— Na mimi nilijua, tangu kiangazi.

— Na mimi, Filozofu akasema.

Tukamuangalia Zéphyrin.

— Directeur, uko ngazi gani? Filozofu akauliza.

— Ya pili, akajibu, na alikuwa anacheka mpaka machozi. Dorothée, nitilie ile ya kweli.