Hajati Jalia, Aliyezipatia Sauti Nafasi

Tarehe 31 Machi 2023, Hajati Jalia Muhamadi anakabidhi funguo za chumba cha kumbukumbu cha Redio Sikizana na kuanza mapumziko yake, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Aliajiriwa mwaka 1997, redio yetu ilipokuwa imepanga vyumba viwili tu kule Bwaise, hapa Kampala. Tangu tuhamie Kansanga, ni nadra mtu kufika kazini akakuta hayupo, ukitoa siku za Idi na ule mwezi aliokwenda Makka.

Wahariri wa jarida letu waliniomba mimi, Moreen Aoko, mtangazaji wa asubuhi, niandike wasifu huu kwa sababu nimeketi naye meza moja muda mrefu kuliko wengine. Nilipomwambia Hajati kwamba naogopa kusahau mambo muhimu, alinijibu, “Acha mengine, mwanangu. Ukijaza sana, nani atasoma?” Kwa hiyo nimeacha mengine.

Hajati alizaliwa Bombo katika ukoo wa Wanubi, akalelewa Bwaise. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kupokea wageni, kusoma salamu za wasikilizaji, na kuwarekodi wale waliofika kuzitoa kwa sauti zao wenyewe. Enzi hizo salamu zilitoka kila upande: madereva wa malori ya Mombasa, Wakongomani wauza vitenge, askari, na Wakenya wenzangu waliohamia mjini kutafuta riziki. Ulimi wake uliokulia mitaa ya Kampala ulikuwa na mchezo wake. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Oloo kila wiki alitajwa hewani kama “Bwana Oroo wa Kalerwe”. Siku moja tajiri huyo alikuja ofisini, tukadhani amekuja kulalamika. Kumbe alitaka kumwona mwanamke aliyembadilisha jina, kwa maana hata wateja wake sasa walimwita Oroo, na yeye mwenyewe alikuwa ameandika hivyo juu ya mlango wa duka.

Wazee wa redio hii husimulia pia habari za mafuriko ya Bwaise. Maji yalipoingia studio, wengine walikimbilia mikrofoni na viti. Jalia, ambaye wakati huo hakuwa bado Hajati, alikimbilia kanda za kaseti zenye salamu hizo. Alizibeba kichwani katika beseni la kufulia, maji yakimfika magotini, akazipeleka kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa mahali pa juu. Alirudi tena na tena mpaka rafu zikabaki tupu. Tulipohamia Kansanga, uongozi ulimpa chumba na cheo cha mtunza kumbukumbu. Akatumia miaka kadhaa kuzihamisha sauti zile kutoka kwenye kanda kwenda kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, akizisikiliza zote.

Baadaye kompyuta kubwa iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Mafaili yakaokolewa, na Mzee Ogwal, mkurugenzi wetu, akanunua kipakatalishi chembamba, chepesi, ambacho ungekitia kwenye mkoba wa kitenge usihisi uzito wake. Sote tulikifurahia. Tulichosahau kuuliza ni kitu chembamba vile kina tumbo kubwa kiasi gani.

Jibu tulilipata mwaka 2011, na hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu tutamkumbukia Hajati.

Tulikuwa na kipindi cha Jumapili cha kuwatafuta ndugu waliopotezana. Ijumaa moja asubuhi alikuja mama aitwaye Alanyo, kutoka upande wa Kitgum. Alikuwa ameletwa Kampala kutibiwa macho. Daktari alimwambia wazi kwamba macho hayatapona, ila yatazidi kufifia. Tiketi yake ya basi la mchana ilikuwa imekwisha kukatwa. Jirani aliyefuatana naye alimwongoza kwa mkono hadi kwenye kiti cha studio.

“Mimi natafuta ndugu yangu Okullo,” alisema. “Tuliachana hapa Kampala wakati ya vita, ile ya themanini na sita. Mimi nilipanda lori kurudi nyumbani, yeye alibaki na kazi yake ya useremala. Tangu siku hiyo, hapana ona yeye tena.”

Travis, fundi mitambo wetu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Kipakatalishi kikakataa. Akabonyeza tena, kikaandika kwamba nafasi imejaa. Kinasa sauti cha kubeba kilikuwa na mwandishi aliyekwenda Entebbe. Tulijaribu simu ya Travis, lakini sauti ya mama ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa.

Mzee Ogwal aliitwa. Alimtazama Alanyo, akatazama saa ya ukutani.

“Travis, futa zile salamu za zamani,” alisema. “Mama huyu ana basi. Salamu zile nani atazisikiliza tena?”

Tayari kidole cha Travis kilikuwa kwenye kitufe. Hajati Jalia aliinuka mezani kwake.

“Ngoja kwanza, ssebo, mzee wangu. Ukifuta hizo, kesho atakuja mtu kama huyu mama, anatafuta sauti ya mtu wake. Utamwambia nini?”

“Nitamwambia laptop ni ndogo, Hajati. Na ni ndogo kweli.”

“Kale, sawa. Tuache tutafute nafasi mahali pengine. Basi likikaribia na tumeshindwa, futa. Sitasema neno.”

Mzee Ogwal alikubali. Hajati akamgeukia Alanyo, akamshika mkono na kumwomba uvumilivu, kisha akaagiza chai na chapati. Alanyo alisema amekwisha kungoja miaka yote hiyo, kikombe kimoja cha chai hakitamshinda.

Travis alianza kupanga mafaili kuanzia makubwa kushuka chini ili tujue nani amekaa mahali pa nani. Cha kwanza kuonekana kilikuwa pipa la taka la kompyuta. Lilikuwa limefura. Hajati alikuwa akifuta matangazo ya biashara yaliyopitwa na wakati kwa miezi mingi, lakini hakuna aliyewahi kulimwaga pipa lenyewe.

“Hajati, nyumba umeifagia vizuri sana,” Travis alimwambia, “ila taka zote umezirundika mlangoni.”

“Bambi, maskini mimi! Nilijua kitu kikiondoka machoni kimeondoka!”

Alicheka mwenyewe kabla yetu. Pipa likamwagwa, nafasi ikapatikana, lakini haikutosha. Wakaendelea. Wakakuta folda yenye jina “Mitambo”, nzito kuliko zote. Hajati akamwomba Travis aifungue. Ndani yake zilikuwa mechi za kandanda, msimu mzima.

“Hii mitambo ya wapi inayocheza mpira?” akauliza.

Travis aliinua macho kwenye dari. Mzee Ogwal alicheka mpaka akashika meza, lakini kicheko chake kilikatika pale folda iliyofuata ilipofunguka na kuonyesha video ya harusi ya mdogo wake, kuanzia kuvishana pete hadi kuoshwa kwa masufuria. Alitoka kimya kimya kwenda kutafuta flashi ya kuihamishia. Kwangu mimi zilikutwa picha za kanisani, nazo hazikuwa chache.

Palibaki nakala. Kwa jinsi alivyoyaona maji ya Bwaise kwa macho yake, Hajati aliogopa kupoteza chochote. Kila sauti alikuwa ameiweka mara tatu, moja ya kazi, moja ya akiba, na moja aliyoiita akiba ya akiba, zote ndani ya kompyuta ile ile. Travis alimweleza kwa upole kwamba kompyuta ikiibwa zote tatu zitaondoka na mwizi mmoja. Hajati akaona ukweli wake. Hata hivyo hakukubali nakala zifutwe kwa kutazama majina tu. Alivaa vipokea sauti, akawa anasikiliza mwanzo na mwisho wa kila moja kabla ya kumruhusu Travis aiondoe. Hapo ndipo alipogundua kwamba faili moja la asili lilikuwa limekatika katikati, na nakala ya akiba ndiyo iliyokuwa nzima. Kama tungefuta kwa haraka, tungebaki na nusu ya sauti ya mtu.

Taa ya kurekodi ilipowaka, Alanyo alikuwa amemaliza chai yake. Alizungumza bila kusitasita. Alieleza kwamba Okullo alikuwa na kovu kidevuni kwa sababu alianguka kutoka juu ya ghala la mtama akiwa mdogo, na kwamba hakuweza kupiga randa ubao bila kupiga mluzi. Kisha akasogea karibu na mikrofoni.

“Okullo, kama unasikia, mimi ni Alanyo aliyekubeba mgongoni. Macho yangu inakwisha. Kuja tu. Hata kama sitaona wewe, nitashika uso yako.”

Katika chumba kile hakuna aliyetazamana na mwenzake. Alanyo aliwahi basi lake, na Jumapili sauti yake ikaenda hewani.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke kijana aitwaye Adong, muuza samaki wakavu wa Kalerwe. Alikuwa amesikia kipindi kwenye redio ya kibanda cha jirani. Alisema baba yake aliitwa Okullo, alikuwa seremala Bwaise, na alikuwa na kovu kidevuni. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Hajati alimkalisha kwenye kiti chake, akamvisha vipokea sauti na kumchezea sauti ya Alanyo tangu mwanzo. Adong alisikiliza huku amefumba macho.

“Baba alipiga mluzi mpaka alipougua,” alisema. “Watu walimwambia kwao kulichomwa, wote wamekufa. Hakurudi tena. Alipofariki tulimzika Masindi kwa wajomba zangu, kwa sababu hatukujua pa kumpeleka.”

Ilibidi Alanyo aambiwe. Adong akasema hawezi. Hajati ndiye aliyempigia simu yule jirani wa Alanyo, na niliketi karibu nao, kwa hiyo maneno yake niliyasikia.

“Mama, Okullo hayuko tena. Mungu amemchukua. Lakini mtoto wake amekaa hapa karibu yangu, na anakusikia.”

Kimya kilikuwa kirefu. Hajati hakukijaza na chochote. Mwishowe sauti ya Alanyo ilitoka, ndogo.

“Mpe simu. Nataka kusikia anavyoongea.”

Hajati alimpa Adong simu, akanivuta mkono tutoke nje, tuwaache shangazi na mtoto wa ndugu yake. Mwezi uliofuata Adong alisafiri hadi Kitgum. Alanyo alimpapasa uso, akasema kidevu ni cha kwao. Baadaye walikwenda pamoja kaburini Masindi na kuweka msalaba wenye jina la ukoo.

Habari hizo zilipofika ofisini, Mzee Ogwal alimwendea Hajati na kumwuliza zile salamu za zamani wazifanyeje, maana kipakatalishi kitajaa tena. Yeye ndiye aliyependekeza kununua diski ya nje, ili akiba ikae mahali pengine. Hajati akaongeza wazo lake la kuwaita wenye sauti waje wachukue nakala zao. Hivyo ndivyo Jumamosi za Sauti zilivyoanza, na bado zinaendelea. Watu walikuja kutoka Bwaise, Kalerwe na hata Jinja, wakiwa na simu na flashi. Wengine walisikia sauti za wazazi waliokwisha kuzikwa, wakalia. Muuza vitenge mmoja Mkongomani alisikia salamu zake za ujanani alizomtumia binti fulani mrembo wa Ndeeba, na mke aliyekuja naye hakuwa wa Ndeeba kamwe. Hajati alilazimika kuagiza soda kuwapatanisha, na waliondoka wakicheka.

Katika miaka iliyofuata aliwafundisha wanafunzi wengi waliokuja kujifunza utangazaji. Wanajua kumwaga pipa la taka kila Ijumaa, kutenga mafaili makubwa, kuhamisha video zao binafsi kabla hawajaombwa. Na wote wamejifunza kwake kusikiliza kabla ya kufuta. Wapo waliokwenda kwenye redio kubwa za mji huu, nao wananiambia wamelichukua jambo hilo moja kutoka kwetu.

Sasa Hajati anahamia Bombo, karibu na binti yake Ayesha na wajukuu. Anasema atafuga kuku, na kwamba kuku hawana nywila. Mzee Ogwal, ambaye mwaka ule alitaka kufuta, aliniomba niandike kwamba anamshukuru kwa kumzuia. Travis anamshukuru kwa kutomtaja jina mbele ya bodi ya redio kuhusu zile mechi. Adong ametuletea samaki wa sherehe ya leo, na amekataa katakata kulipwa.

Mimi nakushukuru, Hajati, kwa jinsi ulivyonyamaza siku ile kwenye simu. Natangaza kila asubuhi, maneno ndiyo kazi yangu, na sikuwa najua kwamba mtu anaweza kusaidiwa hivyo.

Nenda salama, mama yetu. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na wajukuu wenye adabu. Simu yako ikilia asubuhi na mapema, usikimbilie viatu. Hakuna kazi tunayokuitia. Tutakuwa tumekukumbuka tu, tunataka kukusalimia.