Kikohozi cha Mzee Bishar

Basi lilipotoka Kambu, Ciku, mwanafunzi wa uuguzi, alifungua kitabu cha dawa ajiandae kwa mtihani. Mzee Bishar, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeketi kando yake, alikohoa kikohozi kikavu kila alipofunua ukurasa.

"Mzee, unakunywa dawa gani?"

"Syrup ya kifua, hii ni chupa ya tano. Na hizi enalapril za presha."

Ciku alifunga kitabu. "Hizo za presha ndizo zinazokukohoza. Usiache, lakini rudi hospitalini wakubadilishie."

"Mashallah! Daktari amesoma miaka yote hiyo, kumbe angepanda basi tu."

"Hata kitabu kinasema, mzee."

"Kitabu kimewahi kukohoa?"

Basi likasimama Kibwezi. Bishar akamsukumia pakiti ya dawa. "Andika jina lako hapa, daktari ajue nani wa kulaumu."

Ciku aliliandika kwa herufi kubwa.