Dk. Baltazari Msangawale: Alisikia Hadi Siku ya Mwisho

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Angela, mdogo wa marehemu, kwa idhini ya mjane.

Dk. Baltazari Rafaeli Msangawale alizaliwa tarehe 3 Juni 1971 kijijini Ilemba, Bonde la Rukwa, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Rafaeli na marehemu mama Sesilia.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Ilemba mwaka 1979. Dawati moja alikaa na Christopha, ambaye homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwondolea usikivu. Mwalimu akiita jina la Christopha, Baltazari alimgusa kwa kiwiko ili asimame. Walipogunduliwa walichapwa wote wawili, mmoja kwa ukaidi, mwingine kwa kumsaidia mkaidi. Christopha aliacha shule. Baltazari aliendelea: sekondari Sumbawanga, chuo kikuu Dar es Salaam, kisha shahada ya uzamivu Uholanzi mwaka 2004, akichunguza namna ubongo unavyochambua sauti. Alipomweleza mama kwamba anasomea jinsi watu wanavyosikia, mama alimuuliza, “Na kusikiliza wanafundisha wapi, mwanangu?” Alipenda kulisimulia hilo, na kila mara alicheka peke yake kabla hajamaliza.

Tarehe 19 Agosti 2000 alifunga ndoa takatifu na Bertha, mwalimu kutoka Namanyere. Walijaliwa watoto wawili, Kelvin na Herieth.

Mwaka 2013 aliacha kufundisha chuo kikuu akarudi nyumbani. Aliwapima watoto wa shule kwa kofia yenye nyaya, inayoonyesha ubongo unavyoitikia sauti. Aligundua kwamba baadhi ya walioitwa wazito wa kuelewa walikuwa na masikio mazima, ila ubongo wao ulishindwa kuitenga sauti ya mwalimu na kelele za darasa. Alichoomba ni kwamba waketi mbele, na mwalimu aseme akiwatazama. Chumba tulivu alichopewa cha kupimia kilijazwa viti vibovu mwaka uliofuata, na utafiti ukaishia hapo. Baadhi ya waliokijaza viti chumba hicho wameleta mashada leo. Tunawashukuru kwa maua.

Tarehe 9 Machi 2025 alipatwa na kiharusi nyumbani kwake Kizwite, hapa Sumbawanga. Upande wa kulia ulikufa na maneno yakaondoka. Usikivu ulibaki. Bertha alikuwa wa kwanza kujua: alimwambia afumbe macho kama anamsikia, akafumba. Tangu hapo waliongea hivyo: akitajiwa majina alifumba kwa lililo sahihi, wala hakukosea hata la mjukuu wa jirani.

Wazee wa ukoo walipokuja kumwona, walijadili mazishi wakiwa wamesimama pembeni mwa kitanda. Walijadili pia nyumba, na kama Bertha atarudi kwao Namanyere. Baba yetu mdogo, mzee Gabriel, alisema, “Huyu ameshaondoka, hapa limebaki gogo.” Machozi yalimtoka Baltazari hadi sikioni. Bertha aliwaomba watoke nje, akawaambia mumewe anawasikia. Alijibiwa kwamba machozi hayo ni ugonjwa tu.

Mwezi Julai, mbele ya padri na mbele yangu, Bertha alimuuliza kama anataka kuzikwa Sumbawanga. Aliyakodoa macho. Akamuuliza kama anataka Ilemba, kando ya mama. Alifumba, akakaa amefumba muda mrefu mpaka padri akamshika mkono. Mzee Gabriel alipoelezwa, alisema hata mtoto mchanga hufumba macho.

Marehemu alifariki dunia mchana wa tarehe 14 Agosti 2025.

Leo tunamzika hapa Sumbawanga. Ukoo umeamua kwamba wageni wa heshima hawawezi kuteremka bondeni kwa barabara ile. Ni Agosti, mvua iliisha zamani, na waliotoka Ilemba kuja hapa wamefika kwa barabara hiyo hiyo.

Marehemu ameacha mjane, Bertha. Watoto wawili, Kelvin na Herieth. Mdogo wake, Angela. Na ukoo mkubwa uliokusanyika hapa.

Bwana, mpe kaka yetu pumziko ambalo sisi hatukumpa. Nasi tulio hai, utusamehe tukiweza kusameheana.